Ukitaka picha moja safi ya usiku, piga kumi na sita

SYDNEY

Wengi wenu mmewahi kutuandikia na kutuuliza swali moja: kwa nini picha ya mchana hutoka safi, lakini kamera ileile, mkono uleule, usiku hutoa picha iliyojaa chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi? Anayeuliza wa Blacktown, hapa magharibi mwa Sydney, ni sawa na wa Kigoma au Mombasa. Wengine walipiga picha za harusi jioni, wengine mwezi juu ya bahari, wengine taa za mji walikozaliwa. Wote walifika nyumbani, wakafungua picha kwenye kompyuta, wakakuta vidoa vyekundu, kijani na buluu vimetapakaa kwenye giza.

Makala yetu ya leo inajibu swali hilo. Jibu lenyewe si kununua kamera ya bei kubwa. Ni kupiga picha nyingi za kitu kimoja, kamera ikiwa haisogei, kisha kuzichanganya ziwe moja. Njia hii imetumiwa na wanaanga kwa miaka mingi, na baadhi ya kazi zake kubwa zilifanyika katika jiji hili tunaloishi. Aidha tutaeleza kwa nini njia hii inahitaji uangalifu wa mtu mkweli, kwa sababu inaweza kumfuta mtu kwenye picha bila mwenye kamera kukusudia. Hilo tumeliona kwa macho yetu, katika picha za nyumbani kwetu.

Chenga zinatoka wapi?

Tuanze na mvua. Panga bakuli 100 uani wakati manyunyu yanaanza, halafu ziondoe baada ya sekunde chache. Bakuli moja lina matone 7, jingine 12, jingine 9. Mvua ni ileile, lakini matone huanguka bila mpango. Ukiziacha bakuli hizo nusu saa, zote zitaonekana zina maji sawasawa, kwa sababu tofauti ya matone machache haionekani tena katika maelfu.

Mwanga nao huja kwa matone. Wanasayansi huyaita fotoni. Ndani ya kamera ya dijitali kuna kihisi chenye mamilioni ya bakuli ndogo, yaani pikseli, kila moja ikihesabu fotoni zilizoanguka ndani yake. Hesabu ya jambo hili inajulikana: ikiwa pikseli imepokea fotoni 10,000, kosa lake la kawaida ni kiasi cha 100, yaani asilimia 1, na jicho halilioni. Ikiwa imepokea 100 tu, kosa ni kama 10, yaani asilimia 10, na hapo ndipo chenga zinapoonekana. Mchana bakuli zinajaa. Usiku zinabaki karibu tupu, nasi tunalazimika kukuza kile kidogo kilichopatikana kwa kupandisha ISO. Ukikuza picha unakuza na chenga zake.

Kuna chanzo cha pili, nacho ni joto. Kihisi kikipata moto hutoa umeme wake mdogo hata kama hakuna mwanga wowote, na kihisi hakiwezi kutofautisha umeme huo na ule ulioletwa na nyota. Kila joto linapopanda kwa nyuzi chache, kiasi cha nyuzi 6 hadi 8 kwa vihisi vingi, umeme huo huongezeka mara mbili. Ndiyo maana picha ya sekunde 30 iliyopigwa usiku wa Januari wenye joto hapa Sydney huwa na nukta nyingi nyekundu na nyeupe kuliko iliyopigwa Juni wakati wa baridi. Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa, ambako usiku hauna baridi, wanalijua tatizo hili hata kama hawakujua jina lake.

Chanzo cha tatu ni kamera yenyewe: kila inaposoma hesabu ya pikseli, inakosea kidogo. Ni kama karani mwenye haraka; kila anaponakili daftari anaongeza makosa yake mawili matatu.

Kwa nini nyingi zishinde moja?

Sasa tuje kwenye dawa. Picha moja ya giza ina vitu viwili: kilichopo kweli, mfano daraja, mlima au nyota, na chenga. Kilichopo hakibadiliki kati ya picha ya kwanza na ya pili. Chenga hubadilika. Pikseli iliyokosea kwa kuzidi katika picha ya kwanza huenda ikakosea kwa kupungua katika ya pili. Ukijumlisha picha na kugawa, makosa huanza kufutana yenyewe kwa yenyewe, na ukweli unabaki.

Hesabu yake inafuata kipeo cha pili. Picha 4 zikichanganywa, chenga hupungua hadi nusu. Picha 9, hadi theluthi. Picha 16, hadi robo. Ukitaka kufika nusu ya robo hiyo, itakubidi upige 64. Hivyo faida kubwa iko mwanzoni, na mtu mwenye picha 8 hadi 16 amekwisha kupata sehemu kubwa ya anachohitaji.

Msomaji atauliza: kwa nini tusiache kamera wazi kwa dakika nne mfululizo, tukamaliza? Unaweza, lakini kuna hasara. Taa za mji zitaungua na kuwa mabaka meupe. Nyota zitajichora mistari, kwa kuwa dunia inazunguka. Kwa lenzi ya milimita 24, baada ya sekunde 20 hivi mistari huanza kuonekana. Na mtu mmoja akigonga stendi yako katika dakika ya tatu, umepoteza kazi yote. Ukipiga picha 16 za sekunde 15, jumla ni dakika nne zilezile, na iliyoharibika unaitupa, zinabaki 15.

Hata hivyo usizipunguze muda mno. Karani wetu mwenye haraka anakosea kila anaponakili, kwa hiyo picha 240 za sekunde moja hazilingani na picha 16 za sekunde 15. Kila picha iwe na mwanga wa kutosha kadiri taa na nyota zinavyoruhusu.

Wanaanga wa Sydney walianza zamani

Juu ya kilima cha Observatory Hill, karibu na mguu wa kusini wa daraja la Harbour Bridge, kuna jengo la mawe lililokamilika mwaka 1858. Ni kituo cha kuangalia nyota cha Sydney. Henry Chamberlain Russell, aliyekiongoza kuanzia 1870 hadi 1905, alipiga picha za Njia ya Maziwa kutoka hapo mwaka 1890. Leo hakuna anayeweza kufanya hivyo kwa urahisi kutoka kilimani pale. Jiji lina watu zaidi ya milioni 5, na taa zake zimelifukuza giza. Utafiti katika kituo hicho ulikoma mwaka 1982, kikawa makumbusho.

Wanaanga walihamia mbali, katika milima ya Warrumbungle kaskazini-magharibi, kwenye kituo cha Siding Spring. Huko mwaka 1974 ilizinduliwa darubini ya Kiingereza na Kiaustralia yenye kioo cha upana wa mita 3.9. Mwaka 2016 hifadhi ya Warrumbungle ikawa ya kwanza Australia kutambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga lenye giza.

Lakini ofisi na chumba cha giza cha darubini hiyo vilikuwa hapa Sydney, katika mtaa wa Epping. Hapo ndipo alipofanya kazi David Malin, mzaliwa wa Uingereza, mkemia aliyehamia Australia mwaka 1975. Wakati huo picha za anga zilipigwa kwenye sahani za kioo zilizopakwa dawa. Sahani hizo nazo zilikuwa na chenga, yaani punje za fedha. Malin alitafuta njia ya kuutoa mwanga hafifu kabisa uliojificha katika punje hizo, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kuchukua nakala za sahani kadhaa za sehemu ileile ya anga na kuzilaza moja juu ya nyingine kwa usahihi mkubwa. Punje za sahani moja hazikulingana na za nyingine, kwa hiyo zilififia. Mwanga wa kweli ulilingana, ukajitokeza.

Matokeo yake yaliwashangaza wataalamu. Kuzunguka magalaksi ambayo wote walidhani wanayajua, yalionekana maganda ya mwanga ambayo hayakuwa yameonekana kabla. Mwaka 1986, katika eneo la anga lililopigwa picha mara nyingi, ikapatikana galaksi kubwa mno na hafifu mno, ambayo leo inaitwa Malin 1. Iko umbali wa zaidi ya miaka bilioni moja ya mwanga. Ilikuwa ndani ya sahani zile siku zote. Hakuna sahani moja iliyokuwa na nguvu ya kuionyesha peke yake.

Mfano wa pili ni wa darubini ya angani, Hubble. Kuanzia tarehe 18 hadi 28 Desemba 1995 ilielekezwa kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kitupu, ikapiga picha 342. Zilipochanganywa, kipande hicho kikaonyesha magalaksi kama 3,000.

Nanyi wenye simu mnafanya jambo hilohilo bila kujua. Simu ya Pixel ya kampuni ya Google ilipata hali ya usiku mwaka 2018, na iPhone 11 ikafuata mwaka 2019. Simu inapokuambia utulize mkono kwa sekunde tatu, inapiga picha kadhaa na kuzichanganya yenyewe kabla hujaona chochote.

Namna ya kufanya

Tuseme uko Milsons Point, ng'ambo ya daraja, usiku wa Juni. Jua limezama kabla ya saa 11 jioni na baridi imeanza kuingia vidoleni. Au uko Forodhani, Unguja, unaelekea bandarini. Hatua ni hizi.

Kwanza, stendi ya miguu mitatu iliyotulia. Asiye na stendi atumie ukuta na mfuko mdogo wa mchele au mchanga chini ya kamera. Usibonyeze kwa kidole. Tumia kipima muda cha sekunde 2 au 10.

Pili, weka kila kitu kwa mkono: muda, tundu la lenzi, ISO, umbali wa kulenga na rangi ya mwanga. Kamera ikiachwa ijiamulie, picha ya tatu itakuwa na mwanga tofauti na ya nne, na hesabu yote itaharibika.

Tatu, kama kamera inaruhusu, hifadhi faili ghafi badala ya JPEG. Faili ya JPEG imekwisha kulainishwa na kubanwa. Kamera imekwisha kuamua kipi ni chenga na kipi ni picha, na wakati mwingine imeamua vibaya.

Nne, piga 8 hadi 16 mfululizo. Hapa Sydney ndege nyingi huacha kutua na kuruka kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995, kwa hiyo anayepiga anga baada ya saa 5 hupata mistari michache ya taa za ndege.

Tano, ukimaliza, funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha nyingine kadhaa kwa muda uleule. Zitakuwa nyeusi, lakini si tupu: zitakuwa zimeandika nukta za joto za kihisi chako. Nukta hizo haziondoki kwa kuchanganya, kwa sababu hazibadiliki. Zimesimama palepale katika kila picha, na wastani huziona kuwa ni kweli. Zinaondoka kwa kutolewa, yaani picha nyeusi inatolewa kwenye picha halisi. Kamera nyingi hufanya hivyo zenyewe ukiwasha hali ya kupunguza chenga za muda mrefu, lakini kila picha huchukua muda mara mbili, na kwa mfululizo wa picha 16 kusubiri huko ni kwingi. Afadhali uzipige nyeusi mwishoni.

Sita, kompyuta. Kwa nyota kuna programu za bure kama Siril na DeepSkyStacker, ambazo pia huzipanga nyota zilingane kabla ya kuchanganya. Kwa daraja, mji au mandhari, Photoshop ina uwezo huo, na asiye na fedha atumie GIMP, ambayo ni ya bure. Katika GIMP fungua picha zote kama tabaka juu ya tabaka. Ya chini kabisa iache asilimia 100. Ya pili iwe na uzito wa asilimia 50, ya tatu 33, ya nne 25, ya tano 20, ya sita 17, ya saba 14, ya nane 13. Siri ya namba hizo ni ndogo: kila tabaka linapewa moja ya idadi ya tabaka zilizofika hadi hapo, ili mwishoni zote ziwe na haki sawa. Wengi hukosea kwa kuzipa zote asilimia 50. Hapo ya juu hubeba nusu ya picha nzima na ya chini husahaulika.

Wastani au namba ya katikati?

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asiharakishe. Kuna njia mbili za kuchanganya, na tofauti yake ni kubwa.

Chukua pikseli moja ya maji meusi chini ya daraja katika picha tano. Namba zake ni 62, 48, 55, 41 na 59. Wastani wake ni 53. Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati ni 55. Karibu sawa. Sasa tuseme katika picha ya tano feri ilipita na taa yake ikaangukia pikseli hiyo, ikawa 250 badala ya 59. Wastani unaruka hadi 91, na doa la taa linabaki kwenye picha kama ukungu. Lakini namba ya katikati inabaki 55. Feri imetoweka. Haikuacha hata alama.

Kwa mpiga picha wa mandhari hii ni neema. Anaweza kusimama Circular Quay penye watu mia wanaopita, akapiga picha 20, akachukua namba ya katikati, akapata uwanja mtupu. Kila aliyepita amefutwa, na kwa kuwa chenga nazo zimepungua, picha inaonekana ya kweli kuliko zote zilizoitengeneza.

Sisi ambao kazi yetu ni habari tunaliangalia jambo hili kwa jicho jingine. Shirika la AP linakataza kuongeza au kuondoa kitu chochote katika picha ya habari. Reuters nalo ni hivyohivyo. Mwezi Agosti 2006, baada ya kugunduliwa kwamba moshi juu ya Beirut umeongezwa katika picha moja, shirika hilo liliachana na mpiga picha aliyehusika na kuondoa picha zake 920 kwenye maktaba yake. Watu hufikiri uongo wa picha unahitaji fundi mwenye nia mbaya. Hapa hauhitaji nia yoyote. Mtu anataka kuondoa chenga tu, anabonyeza chaguo lililo karibu, na waandamanaji waliokuwa uwanjani usiku ule hawapo tena.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii. Picha ya habari ni fremu moja, na chenga zake ziachwe. Picha ya mandhari au ya nyota, changanya upendavyo, lakini andika chini yake: fremu ngapi, sekunde ngapi, na kwa njia gani.

Picha kumi na moja za Bujumbura

Tumeahidi kusema tulivyoyajua haya, nasi tutasema kwa ufupi.

Mwaka 2008 tulikuwa na kamera ndogo ya mfukoni, chombo cha kazi, isiyoweza kukaa wazi zaidi ya sekunde 15. Usiku mmoja usio na mwezi tuliiweka juu ya ukuta wa baraza ya nyumbani, mlimani juu ya Bujumbura, tukitaka kupiga taa za wavuvi wa ndagala ziwani. Wavuvi wa Tanganyika hutoka usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawaifuati taa. Giza linalowafaa wao halikuifaa kamera yetu. Kila picha ilitoka na chenga tupu. Tukarudia mara 11, kwa ubishi tu, kisha tukakata tamaa. Hatukuzifuta, kwa uvivu.

Mwaka 2015 tuliondoka kama walivyoondoka wenzetu wengi wa kazi hii. Albamu za nyumbani zilibaki. Kadi ya kamera ilikuja, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kamera. Mwaka 2017 baba yetu alifariki, nasi tulishiriki maziko kwa simu, tukiwa jikoni hapa Sydney, saa nane mbele ya waliokuwa makaburini.

Ilipita miaka kabla ya kuifungua kadi ile. Tulikuwa tunatafuta kitu kingine. Tukazikuta picha 11, na kwa kuwa wakati huo tulikwisha kujifunza kuchanganya kwa ajili ya nyota, tukaziweka kwenye programu, tukachagua namba ya katikati kama tulivyozoea. Ilitoka picha ambayo hatukuwahi kuiona. Mji chini, mstari wa ufukwe, na ng'ambo milima ya juu ya Uvira, nyeusi juu ya anga nyeusi kidogo pungufu. Lakini ziwa lilikuwa tupu. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Taa za karabai zilikuwa zikichezacheza na mawimbi, hazikukaa pikseli moja kwa picha sita, hivyo zikahesabiwa kuwa ni chenga.

Tukarudi kuzitazama fremu moja moja ili tuzione taa. Na katika ya tano, kwenye pembe ya kushoto, tukamwona mzee. Tulikuwa tumesahau kabisa. Alitoka ndani kuuliza tunafanya nini gizani, akavuta kiti, akakaa. Yumo katika ya tano, ya sita, ya saba na ya nane. Nne kati ya 11. Kwa namba ya katikati, wanne hawawashindi saba. Alifutwa pamoja na wavuvi.

Tukajaribu wastani wa zote. Taa zikarudi kama mikwaruzo hafifu juu ya maji, na mzee akarudi kama moshi, ukuta ukionekana kupitia kifuani mwake. Hatukuweza kuitazama kwa muda mrefu.

Mwishoni tulizichukua zile nne peke yake na kufanya wastani wake. Kwa hesabu, chenga zilipungua hadi nusu; kwa kuwa ni JPEG ya kamera ndogo, pengine faida ni pungufu ya hapo. Bado kuna vidoa vyekundu kwenye giza. Milima haionekani vizuri kama katika ile ya kwanza. Lakini taa zipo, na mzee yupo, mzima, shati lake jeupe, mkono juu ya goti. Uso umetikisika. Kwa sekunde 15 mara nne hakutulia, kwa sababu alikuwa anazungumza.

Tumeichapisha hiyo, ipo sebuleni. Watoto wetu waliozaliwa hapa walikuwa wakimjua babu yao kwa sauti ya simu tu. Ile safi yenye ziwa tupu tumeihifadhi pia, na nyuma yake tumeandika kilichomo na kisichomo.

Ushauri wetu wa mwisho

Wasomaji wetu, wengi wenu mna kadi za zamani, simu zilizovunjika kioo, diski zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Ndani yake kuna picha za usiku mlizoziona zimeharibika. Kabla ya kuzifuta, angalieni kama mlirudia mara mbili, tatu au zaidi bila kusogeza kamera. Watu wengi hurudia, kwa kuwa hakuna anayeridhika na picha mbaya ya kwanza. Zinakilini mahali salama kwanza, kwani kadi huzeeka. Kisha zipitieni moja moja kwa macho kabla ya kuiachia programu ifanye kazi yake, mkitazama pembeni na gizani.

Na mnaopiga leo, baada ya picha yenu nzuri moja, ongezeni nyingine kumi. Hazina gharama. Kama kuna mtu atakayetoka nje kuuliza mnafanya nini, mwambieni akae.